Mwizi wa Baba Aikande

"Hii siyo kompyuta, Mama Aikande," alisema Jaimin, akipuliza vumbi kwenye kasha la bati lililopinda. "Hii ni maiti. Kufufua nitafufua, lakini usije ukanilaumu."

Joyceline alikuwa anamtazama mumewe. Elisaria alichuchumaa katikati ya kibanda cha fundi huyo, pale Ilala karibu na soko, mikono imezama mpaka viwikoni ndani ya boksi la vyuma chakavu, anachambua kama mtu anayechambua mchele wa wageni. Tangu mwezi wa tatu Joyceline hakuwahi kumwona akishika kitu kwa hamu namna ile, hata kijiko.

"Fufua," alisema.

Siku zile mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa moja baada ya jingine, na kila mnunuzi alianza kwa kutupa nje alivyovikuta. Jaimin alivikusanya kwa bei ya chuma chakavu. Kasha lilitoka kwenye shirika moja, bodi ikatoka kwenye jingine, feni iling'olewa kwenye mashine iliyopigwa radi, na diski ilikuwa ya karani fulani aliyepunguzwa kazini, bado ina barua zake za kuomba asipunguzwe. Monita ndiyo ilikuwa kituko. Hata ikizimwa, ukiitazama kwa upande uliona kivuli cha majina ya watu, mstari chini ya mstari. Orodha ya mishahara ilikaa juu ya kioo kile miaka na miaka mpaka ikakiunguza.

"Hawa ni akina nani?" Joyceline aliuliza.

"Wafanyakazi. Walishaondoka zamani, lakini hapo hawafutiki."

Joyceline aligeuza macho. Angekuwa na uwezo angechagua monita nyingine, lakini vitu vyote vile vilifika elfu arobaini, na elfu arobaini hiyo ilikuwa mtaji wake wa mitumba ya watoto anayoiuza chini, Mtaa wa Kongo. Akaanza kuhesabu noti.

"Mtoto anajifunza kompyuta?" Jaimin aliuliza huku anakaza skrubu.

"Hapana," alisema Elisaria. "Namtegea mwizi."

"Mwizi yupi?"

"Kuna mtu wa kwenye intaneti alinila. Anajiita wakili. Hajui kwamba nimeshamjua. Basi nitamwandikia barua ndefu, maswali juu ya maswali. Nitamwambia hela inakuja kesho, asubiri. Kesho nitamwambia imekwama benki, aende tena. Saa anazozipoteza kwangu hatampata mwingine wa kumwibia."

Jaimin aliacha kukaza. Akacheka mpaka akakohoa. "Bongo hii, jamani! Kwa hiyo sasa wewe ndiye unayemwibia yeye muda? Haya, Bwana Swai, nakupunguzia elfu tano. Mimi mwenyewe aliwahi kuniandikia mjane wa jenerali, ananipenda sana."

Elisaria naye akacheka. Joyceline aliposikia kicheko kile aliona hata ile elfu thelathini na tano ni bure.

Namna Elisaria alivyoliwa ni fupi kuisimulia. Siku moja, kwenye kafe ya intaneti Kariakoo, alikuta barua. Wakili wa Johanesbagi anasema mteja wake, Bwana Swai, amekufa ajalini bila ndugu, ameacha fedha benki. Wengi wakipata barua kama ile wanaona fedha. Elisaria alimwona mdogo wake. Aminiel Swai aliondoka Machame mwaka themanini na saba, akapanda lori la kwenda Zambia, akasema akifika Sauzi ataandika, na tangu hapo kimya. Elisaria akajibu: je, ni Aminiel? Na mwizi, ambaye jina hilo hakuwa nalo mpaka alipopewa mkononi, akajibu ndiyo, ndiye huyohuyo Aminiel.

Alilipia cheti cha kifo. Alilipia mochwari, akalipia kibali cha kusafirisha maiti, akalipia kibali cha kibali. Fedha za benki hakuziulizia hata mara moja. Akiba ilipokwisha ikaondoka fremu yao ya Kariakoo, duka la vifaa vya ujenzi, na kila kilichokuwamo. Maana kwao anayefia mbali hurudishwa akazikwa kihambani, kwenye migomba ya baba yake, na asiyejulikana kama amekufa hakaliwi matanga. Mama yao kule Machame kila Krismasi mbuzi akichinjwa alitenga fungu la nyama la Aminiel, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa mpaka lioze. Alipoambiwa kwamba mwili unakuja, aliita vijana wakafyeka mahali pa kaburi. Halafu, mwezi wa tatu, mwili haukuja, na bibi yule akarudi kumngoja mwanawe.

*

Kompyuta iliwekwa chini ya dirisha, katika chumba walichopanga kwa Mwanamkuu, Magomeni. Mwanamkuu alikuja mara mbili siku ya kwanza kuuliza hilo dude linakula umeme kiasi gani, na siku ya pili akawapandishia kodi bila kuuliza tena.

Kazi waliigawana hivi. Elisaria aliandika nyumbani, kwa vidole viwili, polepole, kwa sababu kafe walichaji kila nusu saa na yeye barua moja ilimchukua siku nzima. Akimaliza aliiweka kwenye flopi. Joyceline aliibeba flopi kwenye pochi hadi Kariakoo, akatuma, akachukua majibu, akarudi nayo. Elisaria Kariakoo hakuikanyaga tena. Alisema jua kali, alisema miguu, lakini Joyceline alijua ni ile fremu. Yeye mwenyewe alitandaza mitumba yake hatua chache kutoka pale, na mara nyingine kijana wa duka jipya alitoka akamwambia, "Mama, sogea kidogo, unaziba mlango." Alisogea. Mlango ule rangi yake aliipaka yeye.

Lakini jioni, loo, jioni zilikuwa tamu. Elisaria alimwandikia mwizi kwamba amerithi kahawa ekari mia mbili. Alimwuliza kama huko Sauzi ng'ombe wanalala wamesimama. Alimwambia desturi ya kwao mtu hapokei fedha kabla ya kupigwa picha na mkungu wa ndizi kichwani, na mwizi, baada ya kulalamika barua tatu, akatuma picha. Mwanamume mwembamba, shati jeupe, mkungu kichwani, uso umekunjamana kwa aibu. Elisaria alicheka hadi akalala chini. Akaomba chakula. Akala, akaongeza, akamwuliza mkewe habari za soko, jambo ambalo hakulifanya tangu mwezi wa tatu.

"Baba Aikande, wewe ni mshenzi," alisema Joyceline.

"Yeye ndiye aliyeanza," alisema Elisaria, mdomo umejaa.

Miezi mitatu ikaenda hivyo. Mwezi wa kumi mwizi akachoka.

Siku ya kwanza Joyceline alifungua akakuta patupu. Siku ya pili patupu. Alirudi nyumbani akamkuta mumewe amesimama mlangoni, shati limepigwa pasi, kama anayesubiri mgeni.

"Ameandika?"

"Mtandao ulikuwa mbovu leo."

Siku ya tatu alisema umeme ulikatika. Siku ya nne Elisaria hakuuliza. Alikaa mbele ya monita iliyozimwa, anavitazama vile vivuli vya majina, na ugali ukaganda kwenye sahani. Joyceline alimjua mtu yule wa mwezi wa tatu, aliyekuwa anatoka asubuhi kwenda kukaa Mnazi Mmoja kutwa nzima bila kusema neno, na alimwogopa kuliko mwizi yeyote. Akaona anarudi.

"Mama Aikande," alisema Elisaria bila kugeuka. "Mimi ndiye niliyemfukuza Aminiel."

"Ulimfukuzaje?"

Elisaria aliinuka akaenda kulala.

Kesho yake Joyceline alilipia nusu saa, akakaa mbele ya kioo cha kafe, akatazama huku na huku. Halafu akaandika barua ya mwizi. Kiingereza chake kilikuwa cha kidato cha pili, lakini mwizi naye hakuwa na kizuri zaidi. Aliandika malalamiko matupu: Bwana Swai unanichezea, nimeenda benki mara nne, nauli yangu nani atarudisha. Akaiweka kwenye flopi. Akatoka haraka kama ameiba yeye.

Jioni ile Elisaria alikula.

*

Ukishamwandikia mtu barua moja, ya pili inakuja yenyewe. Joyceline aliandika ya tatu, akaandika ya sita. Alimtungia mwizi ugonjwa wa jino. Alimtungia mama mkwe mkorofi. Mume alicheka, akajibu, na majibu yake yote Joyceline aliyasoma kafe peke yake na kuyaacha humohumo, maana hapakuwa tena na wa kutumiwa.

Lakini kicheko cha Elisaria kilikuwa kinaishia hapohapo kwenye kompyuta. Akiizima tu, lile neno la Aminiel lilimrudia usoni. Joyceline alilijua neno lile lilitoka wapi, na hapo ndipo kosa lake lilipoanzia. Miaka mingi nyuma, akiwa na mimba ya Aikande, aliwahi kukaa jikoni Machame wakimenya ndizi na mama mkwe. Bibi yule alimweleza kwa nini Aminiel alikuwa anavaa soksi mguu mmoja tu, wa kushoto, hata akiwa na kandambili. Aliungua akiwa na miaka mitano, aliangukia chungu cha ndizi za pombe ya mbege kikiwa motoni. "Elisaria ndiye aliyemsukuma," bibi alisema. "Alisema amejikwaa, nikanyamaza. Na mdogo mtu naye akasema amejikwaa. Mpaka leo wanadhani sijui."

Joyceline aliwaza: kama ningeweza kumtolea mwiba huu. Ni neno moja tu. Nani ataumia?

Akaandika kwamba karani wa wakili alimwona marehemu hospitalini kabla hajakata roho. Kwamba alikuwa amevaa soksi mguu wa kushoto tu. Kwamba alisimulia habari ya chungu, na akasema, kaka yangu alinisukuma lakini hakukusudia, tulikuwa watoto tunacheza. Alipofika hapo machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja ili mwenye kafe asione. Fedha hakuzitaja. Aliona aibu kumwomba fedha mtu kwa jina la maiti, hata kwa uongo.

Alipotoka alifungua furushi la mitumba pale Mtaa wa Kongo, akakuta katikati ya nguo za watoto soksi moja ya mtu mzima, ya kijivu. Alitazama kama kuna mwenzake. Hakuwapo. Akaitupa mtaroni, na kutwa nzima hakuweza kukaa ameupa mgongo mtaro ule.

*

Elisaria aliisoma barua mara moja. Akasimama, akatoka nje, akakaa kwenye baraza la Mwanamkuu, mikono kichwani. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Mama Aikande, huyu mtu kweli alimwona."

"Huyu ni mwizi, Baba Aikande. Mwizi wetu yuleyule."

"Mwizi atajuaje soksi?"

"Labda uliwahi kumwandikia mwenyewe, ukasahau."

"Sijawahi kumwambia kiumbe. Hata wewe sijakwambia." Alikishika kioo kwa mikono miwili. "Na hajaomba hela. Isome, isome yote. Hajaomba hata senti. Mwizi gani haombi hela?"

Hapo ndipo angesema. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni kabisa. Lakini alimwona mumewe amesimama wima, mabega yamefunguka kama ya siku ya harusi yao, akakosa roho ya kumwangusha.

"Chakula kitapoa," alisema.

Kesho yake alikimbia kafe akaandika nyingine: Mimi ni mwizi. Simjui Aminiel, sijawahi kumwona. Nisamehe, na usiniandikie tena. Aliona hiyo itamaliza mambo. Elisaria aliisoma, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Wamemtisha," alisema. "Unaona? Amesema ukweli mara moja, wenzake wamemtisha. Kwa hiyo Aminiel yuko mochwari kule, na wanamficha. Nitakwenda mwenyewe."

"Uende wapi?"

"Sauzi. Nikamlete mdogo wangu."

"Kwa nauli ya nani?"

"Kibamba," alisema Elisaria.

Kibamba walikuwa na kiwanja. Robo eka, msingi umeshapanda kozi tatu za matofali, miche ya minazi miwili. Ndicho kitu pekee ambacho mwizi hakukifikia, na waliapa mbele ya Aikande, kabla hajarudi shule ya bweni, kwamba hicho ni chake, liwalo na liwe. Joyceline alilia, akabembeleza, akapandisha sauti hadi Mwanamkuu akagonga ukuta.

"Angekuwa ndugu yako wa tumbo moja," alisema Elisaria, "usingehesabu viwanja."

Lilimchoma neno lile. Lakini kilichomchoma zaidi ni kwamba usiku alipofumba macho alimwona yeye pia. Hakuwahi kukutana na Aminiel hata siku moja, ila sasa alijua anavyotembea, anavyokohoa, anavyolala chali kwenye kitanda cha hospitali, mguu mmoja una soksi. Alimtengeneza mwenyewe, kipande hapa kipande pale, na sasa hakujua atamzima vipi.

*

Mnunuzi alikuwa Mzee Abbasi, muuza vifaa vya ujenzi, jirani yao wa zamani wa biashara. Jumamosi saa nne Elisaria aliikanyaga Kariakoo kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Alivaa suti yake ya kanisani. Alipita mbele ya fremu yao bila kuitazama. Shahidi alimwomba Jaimin, kwa sababu rafiki mwingine hakubakiwa naye.

"Shikamoo, Mzee Abbasi," alisema Joyceline.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni." Abbasi aliwakalisha kwenye mifuko ya saruji, nyuma ya kaunta. Wateja walikuwa wanaingia na kutoka. Akazitoa karatasi, akavaa miwani, akazisoma kwa sauti. Elisaria akatia saini. Jaimin akatia ya kwake, akamtazama Joyceline kidogo, akatazama chini.

"Haya, na wewe mama," alisema Abbasi akimpa kalamu. "Mimi sinunui kitu ambacho mke hakuridhia. Kesho nisije kuitwa serikali ya mtaa."

Joyceline aliishika kalamu. "Sisaini."

"Joyce," alisema Elisaria.

"Sisaini, Baba Aikande."

"Basi unataka aoze kule." Sauti ilimpanda, na mteja mmoja aliyekuwa anachagua bawaba akageuka. "Mama yangu ana miaka themanini na mbili. Amefyeka kaburi, linaota majani. Nikamwambie nini? Kwamba mke wangu kakataa kusaini?"

"Mwambie hakuna mtu Sauzi." Joyceline aliiweka kalamu chini. "Hakuna wakili, hakuna karani. Mwizi aliacha kuandika tangu mwezi wa kumi. Zile barua ni zangu. Nilikuwa nakaa pale kafe naandika mimi."

"Unasema uongo ili uniokolee kiwanja."

"Jino nililitunga mimi. Mama mkwe mkorofi nilimtunga mimi." Alifungua pochi, akatoa flopi, akamkabidhi Jaimin. "Barua ya leo iko humu, nimeiandika asubuhi, hajaiona mtu. Anasema anakwenda kijijini kwao, hataandika tena. Ipelekeni kwenye kompyuta yoyote. Kama humo hamna maneno hayo, nitasaini."

Jaimin aliishika flopi ile kama kitu kilichotolewa jalalani. Kompyuta ilikuwapo pale kaunta, ya Abbasi ya stoo. Hakwenda kuitazama. Hakuna aliyehitaji kuitazama, maana Elisaria alikuwa ameshaacha kuzitazama karatasi.

Abbasi alivua miwani. Akakifunga kifuniko cha kalamu yake, akazikunja karatasi. "Haya ni ya nyumbani," alisema kwa upole. "Nendeni mkazungumze. Mkinihitaji nipo."

"Mzee, misumari ya inchi nne kilo bei gani?" mteja aliuliza.

Elisaria aliinuka, vumbi la saruji limeng'ang'ania makalioni mwa suti. Hakulipangusa. Akatoka.

*

Alitembea kwa miguu, akaishika barabara ya Morogoro, akateremka Jangwani, akapanda upande wa pili mpaka Magomeni, jua la saa sita utosini. Joyceline alimfuata nyuma hatua kumi, viatu mkononi, hakuthubutu kumkaribia. Watu walidhani ni wagomvi waliotoka mahakamani.

Chumbani Elisaria alikaa kitandani na suti yake. Joyceline alibaki mlangoni.

"Ile ya soksi," alisema Elisaria. "Ulijuaje?"

"Mama aliniambia."

"Mama hajui."

"Anajua. Anajua tangu siku ile. Anajua ulimsukuma."

Elisaria alimtazama kama hakusikia vizuri. Miaka arobaini na moja alikuwa analibeba neno lile asimguse nalo mama yake, na mama alikuwa nalo muda wote, anampakulia chakula, anamkumbatia akitoka safari.

"Na ile kwamba sikukusudia? Kwamba alisema hivyo?"

Joyceline angeweza kudanganya. Alikuwa hodari wa kudanganya kuliko mtu yeyote Magomeni. "Nimeandika mimi," alisema.

"Yeye hakusema."

"Sijui alisema nini, Baba Aikande. Hakuna anayejua. Nisamehe. Niliogopa utanifia."

Elisaria hakumtukana, hakumpiga, na Joyceline alitamani afanye lolote kati ya hayo. Nje Mwanamkuu alikuwa anatwanga kisamvu. Elisaria alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka kitandani. Akaenda kuiwasha kompyuta. Iliunguruma kama kawaida yake, ikakawia, majina ya wale wafanyakazi yakaonekana kwanza, ndipo kioo kikajaa mwanga.

Akavuta kiti, lakini hakukaa. "Kaa wewe."

"Nifanye nini?"

"Baada ya wiki tatu tunaenda nyumbani, Krismasi. Mama ataniuliza." Alisimama nyuma ya kiti, mkono kwenye egemeo. "Wewe unajua anavyoandika yule wakili. Andika Aminiel amekufa. Amekufa zamani, amezikwa hukohuko, haiwezekani tena kumhamisha. Tutachapisha kwa Jaimin. Mchungaji atamtafsiria."

Joyceline aligeuka. "Tumdanganye mama? Na sisi?"

"Miaka kumi na sita anamngoja, hajalia hata siku moja. Kulia anaona ni kumwua mwanawe." Akamsogezea kibodi. "Mwache alie, Joyce. Akae matanga kama watu. Ana miaka themanini na mbili."

Joyceline alikaa. Alijua analolifanya ni nini, na alijua jina la watu wanaofanya hivyo. Vidole vilijua njia. Aliandika salamu, akaandika masikitiko ya kuleta habari hii.

"Alikufa kwa nini?"

"Homa. Siku mbili. Asiumwe sana."

Akaandika.

"Alizikwa na nani?"

"Watu wa kanisani. Kanisa letuletu, wapo kule pia." Elisaria alisema maneno haya polepole, kama anayemwelekeza mtu nyumba ilipo. "Waliimba. Weka kwamba waliimba."

Aliweka. Nyuma yake alisikia pumzi ya mumewe inakuja kwa shida, lakini hakugeuka. Aliona akigeuka wataishia hapo, na bibi ataendelea kungoja.

"Niweke kulikuwa na watu wangapi?"

Elisaria alifikiri kweli, kama mtu aliyekuwapo na sasa anakumbuka.

"Wengi," alisema. "Weka wengi sana. Weka walijaa mpaka nje."